Mgeni Mdogo wa Likizo: Matembezi Yetu ya Ruaha Mbuyuni



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, pepo za Kusi zikisha kukaza na kipupwe kuingia, nyumba nyingi za wanachama wetu hupokea wageni wadogo. Wengine watoka Maskati na miji mingine ya Oman, ambako wakati huo skuli zimefungwa na joto la kiangazi halimpi mtu nafasi ya kutoka nje mchana. Wengine watoka Dar es Salaam na Mombasa. Na wengine huja Julai na Agosti kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, walikohamia wazee wao. Bibi hufurahi, kuku huchinjwa, na kwa siku mbili tatu nyumba haina usingizi.

Baada ya siku hizo ndipo taabu inapoanza. Mtoto amekwisha kula, amekwisha kupelekwa kwa jamaa kusalimia, na sasa hana la kufanya. Hupewa simu akachezea, huwekewa televisheni, na Ijumaa moja hupelekwa pwani. Likizo ikimalizika hurudi alikotoka, na akiulizwa ameona nini, hujibu: "Nimemwona bibi." Ni kweli amemwona, na hilo si dogo. Lakini masafa yote yale na nauli yote ile vingeweza kuzaa zaidi.

Kusudi la makala hii ni kuwakumbusha wanachama kwamba mtoto huyu, ijapokuwa twamwita mgeni, aghalabu ni mrithi. Yafaa basi atembezwe kama mrithi.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mwanachama aweza kuuliza: gazeti la wakulima wa karafuu lina nini na matembezi ya watoto? Jibu lake ni jepesi. Mkarafuu si mhogo. Mche ukipandwa leo hauzai kabla ya miaka sita, na mwingine hufika minane. Lakini ukitunzwa utaishi kuliko aliyeupanda, na iko mikarafuu inayozaa hata sasa ambayo hakuna mtu hai aliyeiona ikiwa miche. Tufani ya Aprili 1872 ilipoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba iliyosalimika ndiyo iliyoibeba biashara, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zatoka Pemba. Mashamba tunayochuma leo ni jasho la watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Zao hili tangu asili yake ni zao la kurithiana.

Sasa tutazame warithi wako wapi. Mzee akifariki, mirathi hugawiwa kwa sharia, kila mwenye haki akapata fungu lake. Fungu moja huangukia mtu aliye hapa kijijini, jingine aliye Dar es Salaam, na la tatu aliye Maskati ambaye hajaja miaka mingi. Mtu ni vigumu kukipenda asichokiona. Shamba asilolijua mwenyewe huota pori, mikarafuu hubanwa na magugu na miti ya mwitu, na mwisho huuzwa kwa bei ya haraka kwa yeyote atakayetangulia na fedha. Na mtoto wa mwenye fungu hilo, akija siku moja akiwa mtu mzima, hatakuta hata kisiki cha kumwonyesha babu yake alilima wapi.

MFANO WA NYUMBANI

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, kwa kuwa ndio niujuao vizuri. Dada yangu anaishi Maskati na mumewe, na sasa ni zaidi ya miaka kumi na mitano. Baba yetu alipofariki, dada alipata fungu lake la mikarafuu, nalo linapakana na langu. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana alinipigia simu akasema: "Kaka, nitafutie mnunuzi. Mimi siji kuchuma tena, na mwanangu hajui mkarafuu ni upi na mwembe ni upi."

Mama yetu alipopata habari hiyo hakugomba wala hakulia. Alisema neno moja tu: "Mwambie amlete mtoto kwanza, ndipo auze."

Basi mtoto akaletwa mwezi wa Juni, mvulana wa miaka kumi na mmoja, mpole, mwenye maswali mengi.

Wiki ya kwanza tulitembea hapa hapa kisiwani. Tulikwenda Kidike kuwatazama popo wakubwa wa Pemba, wanaoning'inia mitini mchana kama nguo zilizoanikwa. Popo hao asili yao ni kisiwa hiki, wala hawapatikani porini pahala pengine duniani. Tulikwenda msitu wa Ngezi huko kaskazini, tukatembea chini ya miti mirefu hata mchana ukawa kama magharibi. Tulikwenda Pujini kutazama magofu ya ngome isimuliwayo kuwa ya Mkama Ndume. Matembezi haya hayana gharama kubwa, na yafaa mtoto aanze kwa kuijua nchi ya mama yake kabla ya kuvushwa bahari.

Baada ya hapo tulimpeleka Ruaha Mbuyuni, katika Mkoa wa Iringa.

Wapo watakaoshangaa: ya nini kumtoa mtoto kisiwani na kumpandisha basi siku nzima kwenda bara? Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kaka yetu mkubwa anaishi huko. Ameoa huko, na kazi yake ni kununua vitunguu na kuvipeleka pwani hata huku visiwani. Vitunguu vingi tunavyokatia kachumbari hapa vyatoka bara, nasi hatuulizi vimepita mikono ya nani. Mtoto ana mjomba huko, na mjomba haonekani kwa simu. Pili, nilitaka aone wakulima wengine wanavyohangaika na zao lao, asije akadhani ukulima ni taabu ya nyumbani kwa bibi peke yake.

NJIANI

Tulikuwa watu watano: mimi na mke wangu, mgeni wetu, na watoto wangu wawili. Tulipanda boti Mkoani, tukapitia Unguja, tukalala Dar es Salaam kwa jamaa, na alfajiri ya pili yake tukapanda basi la Iringa katika stendi ya Mbezi. Kila mtoto nilimpa daftari dogo na kalamu, na sharti moja: aandike majina ya miji na mito tunayopita, na katika kila mji aandike kinachouzwa kando ya barabara. Sharti hili lilifanya kazi kuliko makatazo yote ya simu.

Morogoro niliwaonyesha milima ya Uluguru. Watu wengi wa visiwani hawajui kwamba katika vijiji vya milima hiyo nako hupandwa mikarafuu. Mgeni wetu aliandika: "Karafuu ziko na huku." Nilimwambia: "Ndiyo maana sisi tusilale."

Mbele ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50. Humo abiria haongezi nauli wala hakodi gari. Akaaye dirishani huona swala na punda milia na twiga, na siku ya bahati huona tembo. Dereva sharti apunguze mwendo, na amgongaye mnyama hutozwa faini. Watoto walihesabu twiga saba, kisha wakabishana mpaka Mikumi mjini kama yule wa saba si yule yule wa tatu.

Ukiupita mji wa Mikumi milima hukaribiana, kisha barabara huteremka katika bonde la joto lenye mibuyu mingi, huku na huku, bondeni na mabavuni. Wakati wa kiangazi majani yake hupukutika, na miti hubaki mitupu, mashina manene kama vyumba vya watu. Hapo jina la Mbuyuni lajieleza lenyewe. Ruaha Mbuyuni iko Wilaya ya Kilolo, na ni katika vijiji vya mwanzo uingiapo Iringa kutoka Morogoro. Barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, hata Zambia, yapita katikati yake. Mabasi na malori husimama, na wauzaji hukimbilia madirishani wakiwa na vitunguu vilivyofungwa mafungu.

KATIKA SHAMBA LA VITUNGUU

Mke wa kaka yangu ni Mhehe. Alitupokea kwa salamu ya kwao, "Kamwene," na kabla ya mizigo kushushwa akamfundisha mgeni wetu kuitika. Jioni ile mtoto aliisema kwa kila mzee aliyepita mlangoni, na wazee wakasimama kumuuliza ni mtoto wa nani. Alipojibu kuwa yeye ni mpwa wa mwenye vitunguu, walimwita kwa jina la ujamaa tangu siku ile. Salamu ya kwao ilimfungulia milango ambayo zawadi zetu zote zisingeifungua.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kaka yangu hakungoja siku ya tatu. Asubuhi ya kwanza aliwapeleka watoto shambani kwa jirani aliyekuwa aking'oa vitunguu, akampa kila mmoja kazi ya umri wake: mmoja kupeleka maji ya kunywa kwa wafanyakazi, mmoja kukusanya vilivyoachwa nyuma, na mgeni kukaa na wanawake wanaokata majani, akitenga vikubwa na vidogo.

Nao walijifunza habari nzima ya zao hilo. Kitunguu huanzia kitaluni. Baada ya wiki sita hivi miche huhamishiwa kwenye majaruba, na huko hunyweshwa maji kwa zamu, ya mfereji au ya pampu, mpaka vichwa vijae. Tangu kumwaga mbegu hata kuvuna ni miezi minne, au mitano. Shingo ya kitunguu ikilegea na majani yakilala, mkulima hukata maji, akangoja, kisha akang'oa. Baada ya kung'olewa huachwa vikakauka vizuri. Kitunguu kinachotiwa guniani kibichi hakifiki Pemba. Huoza njiani na kuwaozesha jirani zake.

Mgeni akauliza: "Mjomba, na karafuu mnaianika kwa sababu hiyo hiyo?"

Nikamweleza kuwa ni hiyo hiyo. Karafuu iliyolundikwa mbichi hupata moto ndani yake, ikageuka rangi na kusinyaa, na isiyokauka sawasawa hushika ukungu. Inataka jua la siku nne au tano juu ya jamvi, mpaka ukiivunja isikike. Wanangu, waliokulia majamvini, walimtazama kama mtu aliyeuliza maji yametoka wapi. Lakini swali lile ndilo lililonipa tumaini.

KICHWA CHA GUNIA

Siku ya tatu malori ya wanunuzi yalifika, na hapo watoto waliona jambo ambalo kila mkulima wa Tanzania analijua kwa jina la lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kichwa juu yake kwa kushonewa wavu na kamba, likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi hulipa gunia moja, mkulima hutoa gunia na ziada. Serikali imepiga marufuku lumbesa na kutaka mazao yauzwe kwa uzito. Lakini penye soko lisilo na mizani, na mkulima mwenye deni, kilemba hurudi kichwani.

Mgeni wetu alilitazama sana gunia moja la namna hiyo, kisha akamuuliza kaka yangu: "Mjomba Mkubwa, kama hili ni gunia moja, kichwa hiki ni cha nani?"

Kaka akamjibu: "Ni cha mkulima, mwanangu, lakini kinasafiri na mwenye lori."

Kisha akamwita kwenye mizani yake mwenyewe, akampa kazi ya kusoma kilo kwa sauti, muuzaji na mnunuzi wote wawili wakisikia, na kuziandika katika daftari. Mtoto akasoma mpaka adhuhuri bila ya kuomba simu.

Ndugu wanachama, sisi tunayo pishi. Mchumaji wetu hulipwa kwa pishi, na pishi yaweza kupimwa sawasawa na ukingo wake, au ikalundikwa mpaka ikawa mlima. Mtoto aliyekiona kilemba cha gunia hahitaji hotuba ndefu kuelewa kwamba mwenye shamba anayelundika pishi amefanana na yule mwenye lori.

MTO NA TAA YA BIBI

Jioni tulikwenda kuutazama Mto Ruaha Mkuu. Nasema kuutazama, maana mto huu una mamba na viboko, na mtoto haachiwi kusogea ukingoni peke yake hata kama wenyeji wanachota maji.

Niliwachorea safari yake mchangani. Chimbuko lake ni vijito vya nyanda za Mbeya na Iringa vinavyokusanyika katika bonde la Usangu. Kutoka huko hupita katika Hifadhi ya Ruaha, ukaingia katika bwawa la Mtera, ukapita hapa Mbuyuni, ukateremka hata Kidatu, na mwisho ukaingia katika Rufiji, na Rufiji ukamwaga katika Bahari ya Hindi kuelekea kisiwa cha Mafia. Mtera pana mitambo ya umeme ya megawati 80, na Kidatu ya megawati 204. Umeme wa mabwawa hayo huingia katika gridi ya taifa pamoja na wa mitambo mingine. Unguja iliunganishwa na gridi hiyo kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba ikaunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010.

Mgeni akafikiri kidogo, akasema: "Basi taa ya bibi inawashwa na mto huu?" Nikamwambia kwamba mto huu una fungu lake katika taa ile. Akaandika.

Mjomba wake akawaongezea habari nyingine, ya kusikitisha. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko juu, ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi huchukuliwa Usangu kabla hayajafika. Wanyama hubaki wakigombea madimbwi. Wanaolima mpunga Usangu wana haja nayo, na wanyama wana haja nayo, na mabwawa yana haja nayo. Kaka akasema: "Maji ni kama mirathi. Wa juu akichukua kupita fungu lake, wa chini hukuta mchanga." Watu wazima tuliokuwapo tulinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mirathi yake anayoifikiri.

UBUYU NA KALENGA

Haifai matembezi yawe kazi tupu. Mtoto sharti afurahi, la sivyo mwakani hatakuja. Walipasua mabuyu jiweni, wakala unga wake mweupe wenye ukakasi, wakapaka nguo zao zote. Mgeni wetu, aliyekuwa akiujua ubuyu kuwa ni peremende nyekundu ya kwenye kikaratasi, aliandika kwa herufi kubwa: "UBUYU NI MWEUPE." Walikimbizana kulizunguka shina la mbuyu mmoja, na walipojaribu kulikumbatia, mikono ya wote watatu haikufika hata nusu.

Siku moja tulipanda mlima Kitonga kwenda Iringa mjini. Barabara inajipinda ukutani mwa mlima, malori yakipanda kwa kunguruma, na watoto walishika viti. Mbuyuni tulitoka jasho. Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, tulikuta baridi inayotafuna masikio. Njiani tulipita Ilula penye nyanya nyingi, kisha Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski.

Kutoka Iringa tulikwenda Kalenga, yalikokuwa makao ya Mkwawa. Mwaka 1898, alipozungukwa, alijiua mwenyewe asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa kupelekwa Ujerumani. Habari ya fuvu hilo ikaandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini halikurudi mpaka mwezi wa Juni 1954, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Kuanzia 1898 hadi 1954 ni miaka 56. Mgeni wetu alifanya hesabu hiyo mwenyewe, kisha akamuuliza mkaza mjomba wake: "Watu hawakusahau muda wote huo?"

Akamjibu: "Wajukuu walikuwa wakiambiwa."

FUNGU LA MAMA YAKE

Tulirudi Pemba kabla ya uchumaji kuanza. Siku ya pili yake mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba kupelekwa kwenye fungu la mama yake. Tulikwenda pamoja na bibi yake na mzee mmoja jirani aliyeshuhudia mgawanyo. Tulizunguka mipaka, tukaonyeshwa mti wa pembeni na jiwe, na mtoto akahesabu mikarafuu: thelathini na miwili iliyo hai, na nafasi nne za iliyokufa. Akauliza mti uliokufa hulipwa na nani. Bibi akamwambia: "Hulipwa na anayepanda."

Mvua za mwisho zilikuwa bado zadondoka. Alipanda miche minne katika nafasi zile, tukaitengenezea kivuli cha makuti, na bibi akaahidi maji. Nilimwambia mtoto hesabu iliyo wazi: akipanda na miaka kumi na mmoja, mche wake hautampa karafuu kabla ya kutimiza kumi na saba au kumi na tisa. Alisema kwamba huo si muda mrefu kama wa lile fuvu.

Usiku ule alimpigia mama yake, akamsomea daftari zima tangu stendi ya Mbezi hata mche wa nne. Simu ilipokatika, dada yangu alipiga tena, mara hii kwangu, akasema: "Kaka, usimtafute mnunuzi kwa sasa." Hakusema kuwa hatauza kabisa. Alisema kwa sasa, nami sikumwomba zaidi. Katika miche ile minne, mmoja ulikufa kwa jua la Januari. Mitatu imesimama, na mtoto huiulizia kila aongeapo na bibi yake.

YA KUZINGATIA

Kwa mwanachama anayetazamia mgeni mdogo msimu huu, nayaweka machache haya.

Kwanza, kwa safari ya kuvuka bahari, takeni kwa wazazi barua ya idhini na nakala ya pasi ya mtoto, mziweke mbali na zile halisi.

Pili, angalieni afya. Malaria imepungua sana visiwani, na mtoto wa Oman hana mazoea nayo, lakini mabonde ya bara yana mbu. Chukueni chandarua, na homa ikitokea apimwe siku ile ile. Anayekwenda Iringa mwezi wa Juni achukue sweta, hata kama Mbuyuni atatembea na fulana.

Tatu, apelekwe penye jamaa. Hoteli humpa mtoto kitanda, jamaa humpa jina. Kama hamna jamaa Ruaha Mbuyuni, mnaye Tanga au Morogoro au Unguja, na popote pana mtu anayelima kitu.

Nne, apewe kazi inayolingana na umri wake, isiyo ya hatari wala ya kutwa nzima. Katika msimu wa karafuu aokote zilizoanguka, achambue makonyo, ageuze jamvini, aandike pishi. Mtoto asipandishwe mkarafuuni. Watu wazima waliozoea huanguka wakavunjika, seuze mtoto wa mjini.

Tano, apewe daftari. Mtoto wa siku hizi hupiga picha elfu moja na asitazame hata moja, bali alichoandika kwa mkono wake hukisoma kwa mwenziwe.

Sita, na ndilo kubwa, kabla hajaondoka azungushwe mipaka ya fungu la wazazi wake, mbele ya mzee anayeijua, ahesabu miti, na apande japo mche mmoja. Msimhutubie. Akiuliza, ajibiwe.

Mwisho, ofisi ya chama ina daftari la wanachama. Katika majina mengi ya waliofariki, hatujui warithi wao wako wapi wala tuwaandikie nani. Namwomba kila mwanachama, kabla ya msimu kuanza, afike ofisini aandikishe majina ya warithi wake na mahali walipo, na wale watoto wa likizo aje nao, waandike majina yao kwa mikono yao wenyewe. Ofisi iko wazi kila siku ya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Nawatakieni msimu mwema wenye jua la kutosha.

Katibu wa Chama